Malisho ya zamu na fensi kwenye eneo dogo: hesabu siku kwanza, waya baadaye

Watu wengi wakipata wazo la kugawa malisho vipande ili mifugo wale kwa zamu, kitu cha kwanza ni kwenda kununua waya. Mi nilifanya hivohivo. Nikazungushia eneo, nikalikata vipande vinne vilivyonyooka vizuri kabisa, nikawa najisifu, afu baada ya miezi miwili vipande vyote vinne vikawa vimekwisha sawasawa. Yani nilichofanya ni kuchukua kipara kimoja nikakigeuza vipara vinne. Fensi haikuwa na kosa lolote, kosa ni kwamba sikuwa nimehesabu siku.

Kwa hiyo hapa tunaanza na nyasi. Waya utakuja mbele huko, na ukifika utakuta ndo sehemu rahisi.

Kwanza elewa jani likiliwa kinatokea nini

Unyasi ukikatwa, unatoa jani jipya kwa kutumia akiba iliyobaki chini ya shina na kwenye mizizi. Siku za mwanzo kile kichipukizi kinakula akiba tu, hakirudishi kitu. Kikishatoa majani kadhaa yaliyokunjuka vizuri ndo kinaanza kulipa deni. Sasa ng'ombe anapenda nini? Vichanga. Akiwa bado yumo kwenye eneo lilelile siku ya tano au ya sita ataviacha vile vikubwa vigumu na kurudi palepale alipokula juzi, ang'ate kichipukizi kabla hakijalipa hata senti ya deni. Akifanya hivo mara tatu nne mizizi inafupika, unyasi mzuri unakufa, yanabaki magugu ambayo hayataki kuliwa na yeyote.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako chukua uzi mwekundu, funga chini kabisa ya shina moja la unyasi ambalo limeng'atwa leo, chomeka kijiti pembeni ili ulikumbuke lilipo, afu uwe unapita kila asubuhi kuliangalia. Siku ya tatu utaona kiulimi cha kijani kimetoka katikati ya mkato, urefu wa ukucha. Siku ya sita kama mvua ipo kimefika urefu wa kidole. Na kama mifugo bado wamo humo, siku ya saba utakuta uzi peke yake.

Mfaransa mmoja, André Voisin, mkulima ambaye pia alikuwa mwanasayansi, aliliandika hili miaka ya 1950: malisho kuharibika ni suala la muda zaidi kuliko idadi ya mifugo. Ng'ombe mmoja aliyeachwa mahali pamoja mwaka mzima anaharibu kuliko kumi waliopita siku moja wakaondoka.

Ukishaelewa hapo sheria zinabaki mbili. Wakae siku chache, 1 mpaka 3, zikizidi sana 5. Na wakitoka pasiguswe mpaka nyasi zimerudi. Wakati wa mvua nzuri nyasi zikikimbia hiyo ni kama siku 25 hadi 35, mvua ikikata inakuwa 45, 60, hata 90. Kalenda ni ya kukadiria tu, mwenye neno la mwisho ni unyasi wenyewe. Kwa nyasi za kawaida za kutambaa au za kimo cha kati, ingiza mifugo zikiwa sentimita 20 hadi 25, toa zikibaki 8 hadi 10. Zile ndefu za mashada kama matete usishushe chini ya 15 au 20, kwa sababu akiba yake ipo juu kidogo kwenye shina.

Hatua ya 1: pima ulichonacho

Tengeneza fremu ya mbao au waya mgumu, sentimita 50 kwa 50. Irushe ovyo sehemu sita au nane za shamba (ovyo kweli, usichague penye nyasi nzuri, tunajijua), kata kila kilichomo ndani mpaka chini, anika juani mpaka majani yavunjike ukiyafinya, pima kwenye mizani. Tafuta wastani wa fremu moja, zidisha kwa 4, umepata gramu kwa kila mita ya mraba. Kama huna subira ya kuanika, nyasi mbichi zilizonona huwa na kama robo au pungufu ya robo ya kitu kikavu, yani kilo moja mbichi ni gramu 200 hadi 250 kavu.

Tuseme umepata gramu 50 kwa fremu. Mara 4 ni gramu 200 kwa mita ya mraba. Usihesabu zote! Nusu ni ya mifugo, nusu nyingine inabaki shambani ili nyasi ziweze kurudi na ardhi isibaki uchi. Kwa hiyo una gramu 100.

Hatua ya 2: pima mdomo

Ng'ombe anakula kwa siku chakula kikavu cha kama asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, mbuzi na kondoo 3 hadi 4. Huna mizani ya ng'ombe? Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, pima na urefu toka ncha ya bega mpaka mfupa wa kalio. Kifua mara kifua mara urefu, vyote kwa sentimita, gawa kwa 10,840, unapata kilo. Mwenye kifua 160 na urefu 148 anakuja kama kilo 350. Haikosi sana.

Sasa ng'ombe wawili wa kilo 350 ni kilo 700. Asilimia 3 ni kilo 21 kwa siku. Kila mita ya mraba inatoa gramu 100, kwa hiyo wanahitaji mita za mraba 210 kwa siku, na ukitaka wakae siku 3 kila kipande kiwe mita za mraba 630, mfano 25 kwa 25 na chenji kidogo.

Hatua ya 3: idadi ya vipande

Chukua siku za kupumzisha, gawa kwa siku za kukaa, ongeza 1 (hicho kimoja ndo ambacho wamo sasa hivi). Siku 30 gawa kwa 3 ni 10, ongeza 1 ni 11. Vipande 11 vya mita 630 ni mita za mraba 6,930, kama ekari 1.7.

Hapa ndo utaona kwa nini vipande vyangu vinne vilinigomea. Ukiwa na vinne na unataka siku 30 za kupumzisha, lazima wakae siku 10 kila kipande, na siku 10 maana yake wanakula chipukizi palepale. Ukiwatoa mapema, wanarudi siku ya 9 au ya 10 nyasi hazijawa tayari. Vinne havina pa kutokea, ukigeukia huku umekosea ukigeukia kule umekosea. Kwa kukadiria tu, chini ya 8 huwa inasumbua, na zaidi ya 20 kwa mtu mwenye mifugo michache ni kujitafutia kazi.

Afu jambo ambalo watu hawalipendi kulisikia: hesabu hiyo ya ekari 1.7 ni ya wakati wa neema. Kiangazi nyasi zinapungua na siku za kupumzisha zinaongezeka mara mbili, kwa hiyo panga idadi ya mifugo kwa kufuata kiangazi, mvua ikija na nyasi zikazidi, vile vipande ambavyo mifugo hawavimalizi vikate ukaushe hei (nyasi kavu za akiba). Mwenye kupanga kwa kuangalia mwezi wa mvua anaishia kuuza ng'ombe amekonda.

Hatua ya 4: chora kwa kamba kabla ya nguzo

Usichimbe shimo hata moja la fensi ya ndani kwa mzunguko wa kwanza. Tumia vijiti na kamba, au fensi ya muda, uzungushe raundi moja nzima, utagundua mengi ambayo kwenye karatasi hayaonekani: pale maji yanapotuama, pale ng'ombe wanapokataa kupita.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuchora. Umbo liwe karibu na mraba, manake kipande cha 25 kwa 25 kinakula mita 100 za waya, lakini eneo hilohilo likiwa utepe wa 10 kwa 63 linakula mita 146 na mifugo wanachoka kutembea, wanakanyaga kuliko wanavyokula. Shamba likiwa na mteremko, usichanganye bondeni na juu kwenye kipande kimoja, gawa vipande kwa kukata mteremko, kwa sababu kule chini kunamea haraka na wanyama watang'ang'ania huko wakiacha juu. Njia ya kupitishia mifugo iwe mita 3 hadi 4, na ipite sehemu kavu. Geti liwe kwenye kona, kona ile ya upande ambao huwa wanaelekea wakienda kwenye maji au zizini. Ukiliweka katikati au kona ya nyuma utakuta kila siku kuna mmoja amejibana kwenye kona anawaangalia wenzake wakiondoka na hajui kwamba inabidi arudi nyuma kwanza, na huyo ndo atakayekuvunjia waya.

Maji: ng'ombe mkubwa anakunywa lita 30 hadi 60 kwa siku, wa maziwa kwenye joto anaweza kugonga 100, mbuzi au kondoo lita 4 hadi 10. Maji yakiwa mbali wote wanaenda kwa mkumbo na kurudi kwa mkumbo, njia inakuwa tope na samadi yote inabaki pale kwenye birika badala ya shambani. Kwa eneo dogo suluhisho zuri ni mpira wa plastiki uliolazwa pembeni ya njia na birika dogo lenye flota (boya linalofunga maji likijaa) linalohama nao. Kivuli pia, ila kivuli kimoja cha kudumu kinakuwa choo cha wote, bora miti iwe imetawanyika.

Hatua ya 5: fensi ya nje

Nje usibanie. Ya ndani ikianguka ng'ombe atakuwa kwenye kipande chako kingine, ya nje ikianguka atakuwa kwenye mahindi ya mtu.

Roho ya fensi ni nguzo za kona. Nguzo ya kona iwe nene, unene wa sentimita 15 au zaidi, na theluthi moja ya urefu wake izame ardhini, yani ya mita 2.4 ichimbiwe sentimita 80. Mita 2 au 2.5 kutoka kwenye kona simika nguzo ya pili, weka mti wa kulala unaounganisha vichwa vyao, afu funga waya wa mshazari toka chini ya nguzo ya kona kwenda juu ya ile nguzo ya pili, uukaze kwa kuusokota na kijiti. Watu wengi wanaufunga kinyume, toka juu ya kona kuja chini ya ya pili, na hapo unakuwa haufanyi kazi yoyote, kona inalala taratibu mpaka waya wote unalegea. Shindilia udongo kidogo kidogo, kila sentimita 15 shindilia, usijaze shimo lote ukaruka juu yake mara mbili ukaondoka.

Nguzo za katikati kwa seng'enge ya miiba au waya wa nyavu ziwe kila mita 3 hadi 5. Misumari ya U usiipigilie mpaka mwisho, acha waya uweze kuteleza, ili mti ukianguka juu yake usikatike. Mchwa ni adui, tumia mbao zilizotiwa dawa au chuma. Kama una muda kuliko pesa, panda fensi hai kwa vijiti vinavyochipua kandokando ya waya, miaka michache inayofuata ndo itakuwa nguzo zako. Minyaa inakua vizuri lakini utomvu wake unaunguza macho, kuwa makini ukikata.

Mwenye mbuzi wenye pembe aangalie matundu ya waya wa nyavu. Ya sentimita 15 kwa 15 ni mtego, kichwa kinaingia na pembe zinakataa kutoka, na utakuwa unatoa mbuzi mmoja huyohuyo kila jioni huku anakulilia masikioni.

Hatua ya 6: fensi ya umeme ya ndani

Kwa kugawa vipande hakuna kinachoshinda waya wa umeme, ni nafuu, unahamishika. Inasemekana New Zealand miaka ya 1930 Bill Gallagher alikuwa na farasi, Joe, aliyependa kujikuna kwenye gari lake, mzee akaunganisha gari na umeme farasi akakoma, na kazi ya kutengeneza mashine za fensi ikaanzia hapo.

Elewa mzunguko wake: umeme unatoka kwenye mashine (enajaiza) kwa mapigo mafupi, kama moja kila sekunde au sekunde na nusu, unapita kwenye waya, unaingia kwa mnyama, unashuka miguuni, unatembea ardhini kurudi kwenye vyuma vya erthi (vile vilivyochomekwa ardhini na kuunganishwa na mashine) na kuingia kwenye mashine. Ukikosekana mguu mmoja wa safari hiyo hakuna shoti. Ndo maana kwenye fensi "mbovu" kumi, saba au nane tatizo ni erthi. Mi niliwahi kulaumu mashine mwezi mzima, nikairudisha kwa fundi, fundi akasema nzima, kumbe nilikuwa nimechomeka kipande kimoja cha nondo cha futi mbili kwenye udongo mkavu kama majivu.

Weka angalau vyuma 3 vya mabati, kila kimoja karibu mita 2, viachane mita 3, sehemu yenye unyevu, na viwe mbali mita 10 au zaidi na erthi ya umeme wa nyumba. Kuvipima: nenda mita 100 toka kwenye mashine, egemeza vyuma kwenye waya viguse ardhi mpaka volti zishuke chini ya 2,000, afu rudi upime kati ya chuma cha mwisho cha erthi na kijiti cha chuma ulichochomeka mita moja pembeni. Ikizidi volti 200 hivi, ongeza vyuma. Kiangazi ardhi ikikauka sana weka na waya wa pili usio na moto, uliounganishwa na erthi, ukipishana na wenye moto, mnyama akigusa yote miwili anaipata hata kama amesimama juu ya jiwe.

Ng'ombe anahitaji volti 3,000 kwenye waya, mbuzi na kondoo 4,000 na zaidi kwa sababu kwato ni ndogo na manyoya yanazuia. Ng'ombe wakubwa wanatosha waya mmoja usawa wa pua, sentimita 75 hadi 90. Wenye ndama ongeza wa 45. Mbuzi na kondoo nyuzi nne, mfano 20, 40, 65 na 95, na ule wa chini ndo muhimu kuliko wote, mbuzi hapendi kuruka kama anaweza kupita chini.

Haya matatu usiyafanyie mzaha: usiunganishe waya moja kwa moja na umeme wa nyumbani bila mashine, inaua. Usitie umeme kwenye seng'enge ya miiba, mtu au mnyama akinasa hawezi kujinasua. Radi ikianza chomoa mashine.

Wafundishe mifugo kabla. Zizi imara, ndani yake waya mmoja wenye moto mkali, wakae humo siku 2 au 3. Wanakuja kunusa kwa pua, pua ina majimaji, wanapigwa, wanarudi nyuma. Mnyama aliyejifunza kwa pua anaogopa hata kamba. Aliyejifunza kwa kukurupushwa akapigwa mgongoni anakimbilia mbele, anapita nao.

Kazi ya kila siku

Hamisha mchana au jioni badala ya asubuhi na mapema, majani yakiwa na sukari zaidi na umande umekauka. Umande una maana kubwa kama kipande kina lusini au klova (malisho ya jamii ya kunde): ng'ombe mwenye njaa akiingia humo majani yakiwa mabichi yamelowa anavimba tumbo upande wa kushoto na anaweza kufa ndani ya saa chache. Wape majani makavu kwanza. Mtama mchanga unaochipua nao una sumu, subiri ufike zaidi ya nusu mita, sentimita 60 ndo salama.

Kabla ya kufungua geti simama nyuma ya ng'ombe, tazama kile kishimo cha kushoto kati ya mbavu ya mwisho na nyonga. Kikiwa kimejaa, ameshiba, kikiwa kimebonyea kama bakuli jana ulichelewa kuhamisha, haijalishi kalenda inasemaje.

Minyoo: mabuu mengi yanakaa sentimita 5 za chini za unyasi, na kwenye joto na unyevu mayai yaliyotoka na kinyesi yanakuwa tayari kuambukiza kwa siku 4 hadi 7. Ukihama kabla ya siku ya 4 na hukulisha mpaka chini umeshaikata minyoo miguu. Ila kwa mbuzi na kondoo siku 30 za kupumzisha hazitoshi kuua mabuu yote, kwa hiyo pitisha ng'ombe nyuma yao, minyoo mingi ya mbuzi haiishi ndani ya ng'ombe. Funua kope ya chini ya mbuzi kila wiki mbili, ikiwa nyeupe badala ya nyekundu mpe dawa. Kupe wanaweza kusubiri miezi bila kula, zamu haiwamalizi, endelea kuogesha.

Mvua ikiwa kubwa mno mpaka kwato zinazama, au kiangazi nyasi zikiwa bado fupi, usilazimishe zamu. Teua kipande kimoja kibovu kiwe cha kuumia, wafungie humo uwalishe hei au silaji (majani mabichi yaliyovundikwa), vingine vipone. Na uwe na daftari: kipande gani, tarehe ya kuingia, ya kutoka, kimo cha nyasi mara zote mbili.

Mwisho, kuna mnyama ambaye hakuna volti itakayomshika. Wa kwangu alikuwa mbuzi jike mmoja wa kijivu, anasimama karibu na waya anausikiliza ule mlio wa tik, tik, akiona umenyamaza kwa sababu betri imeisha anapita, na wenzake kumi na mbili nyuma yake. Nilibadilisha insuleta (vile vishikizo vya kuzuia waya usiguse nguzo), nikaongeza uzi wa tano, nikanunua betri nyingine. Nikamuuza, na wale kumi na wawili hawajagusa waya mpaka leo.